Maji Yawe Kati Yetu

Kimilili
9 Februari 1975

Kwa Baba Wangila,

Salamu zikufikie wewe na wote walio hapo nyumbani kwako. Sisi ni wazima, isipokuwa yule ng'ombe mwekundu alikwama matopeni akavunjika mguu, tukamchinja kabla ya wakati wake. Shemeji yako Shiundu amepaka nyumba yake chokaa na sasa anatembea kijijini kama chifu. Mahindi ya mwaka jana bado yapo ghalani. Wangila anakula vizuri? Nabalayo aliniandikia kwamba amekuwa mrefu kuliko meza.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Kabla ya kushika kalamu niliwauliza wazee kama mama mkwe anaweza kumwandikia mume wa binti yake. Walibishana tangu chai ya asubuhi hadi ng'ombe wakarudi. Mwishowe mmoja akasema barua ni sawa na kuongea watu wakiwa wametenganishwa na ukuta, na hilo halijawahi kukatazwa. Basi wewe shika upande wako wa ukuta, mimi nishike wangu.

Tangu umwoe Nabalayo, mimi na wewe hatujashikana mkono wala kuketi chumba kimoja. Ukija hapa mimi hupitia nyuma ya nyumba. Tukikutana njiani wewe huingia kwenye mahindi, nami hujifunika uso kwa leso mpaka upite. Ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu, na sikulalamika. Ile sherehe ya kuondoleana aibu, wazee wa kwenu na wa kwetu hawajakubaliana hata siku ya kuketi, kwa sababu ya ule ugomvi wa kisima. Siwangojei tena.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari wa misheni amenipima macho akasema ni presha ya macho. Hakuna kupona, kuna kucheleweshwa tu. Amenituma hospitali kubwa ya Nairobi, na nitakaa Kawangware kwa Nasipwondi, mtoto wa marehemu dada yangu, kwa kuwa nyumbani kwako siwezi kulala. Naambiwa kazi yako ni kuwapangia wageni matembezi ya mji. Nipangie na mimi siku moja, kabla giza halijaingia. Nabalayo mwambie nakuja kuchukua miwani. Huyo ukimpa siri Jumatatu, Jumatano inatangazwa kanisani, na ndugu zake wakijua watanifungia nyumbani.

Ni mimi,
Mama Nabalayo


Laini Saba, Kibera
3 Machi 1975

Kwa Mama, kwa heshima kubwa,

Barua yako niliifungua ofisini, na nilipoona imetoka kwako nilisimama. Niliisoma nikiwa nimesimama hadi mwisho, mpaka karani akaniuliza kama nimepata habari za msiba.

Huku tunaendelea. Nabalayo anashona sare za shule karibu na reli, na cherehani yake inasikika tangu alfajiri. Wangila alipata homa ikapita. Mwenye nyumba wetu, yule mzee wa Kinubi, ametuwekea mabati mapya upande mmoja, kwa hivyo sasa mvua inatunyeshea upande mwingine tu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Hapa Mbuni Tours tumeletewa mkurugenzi mpya, Bwana Pedersen. Kwao inaonekana kila mji una mto, na kila mto una meli ndogo za kuwapandisha watalii na glasi mkononi. Anataka Nairobi iwe hivyo. Amenipa ramani na kalamu nyekundu, nipange: asubuhi kutazama mji, jioni kuonja mvinyo, kesho yake kusafiri mtoni kwa boti. Nilimpeleka akauone Mto Nairobi pale nyuma ya Gikomba. Alitazama matairi na kuku waliokufa, akajipangusa pua, akasema tutafute mto mwingine. Sijui alidhani iko mingine stoo.

Nitakupangia, Mama. Mwezi huu kombi zote zina wageni, lakini baada ya Pasaka nitapata moja. Niambie unapenda kuona nini. Kuhusu macho usiwe na wasiwasi, madaktari wa hapa ni hodari sana.

Mkwe wako mtiifu,
Dalmas Lusweti


Kawangware
24 Machi 1975

Kwa Baba Wangila,

Nimefika, na Nasipwondi amenipa kitanda chake akalala chini, nimegombana naye nimeshindwa. Kawangware ni mahali pa punda. Punda wanaleta maji, punda wanaleta makaa, na asubuhi punda ndio wanaotuamsha. Jirani yetu Wangoi ni Mkikuyu mwenye moyo mzuri, anafuga kuku chini ya kitanda. Nabalayo alikuja Jumapili na Wangila. Nilimtazama yule mtoto mpaka akaona haya. Hapa nilipo naambiwa Kibera si mbali, mtu anafika kwa miguu, lakini mimi nawe tunapeleka barua zetu posta zikazunguke mjini kwanza.

Hospitali walinitia dawa inayowasha kama pilipili. Yule daktari hodari uliyemsifu ni kijana mpole sana. Alinishika bega, na nilipoona ameshika bega nikajua hana dawa ya zaidi.

Sasa nieleze kuhusu mvinyo. Nasipwondi alifanya kazi kwa Wazungu, anasema watu wanakunywa kidogo, wanausukutua mdomoni, halafu wanatema kwenye ndoo. Ni kweli? Mimi ni mtu wa kanisa la Marafiki na pombe sijaonja tangu nibatizwe na Roho, lakini marehemu mume wangu alikunywa busaa maisha yake yote, na sikumwona akitema hata tone.

Umeuliza nataka kuona nini. Nataka kuona nyumba anamoishi binti yangu, hata kwa nje. Yapo mengine, lakini mengine si ya kuandika leo. Vitu vya mjini chagua wewe, hiyo ndiyo kazi yako.

Usichelewe. Nasema hivi bila kukugombeza.

Mama Nabalayo


Laini Saba, Kibera
28 Aprili 1975

Kwa Mama, kwa heshima,

Nisamehe kwa ukimya huu. Pasaka imepita na sikufanya nilichosema. Wangila ameanza kuandika jina lake, analiandika kila mahali hata kwenye sare za watu. Nabalayo hajambo, ila mgongo unamuuma kwa kuinama. Mvua imekuja kwa nguvu na njia ya kwetu imekuwa uji.

Ni kweli wanatema. Tulifanya kuonja mvinyo kwa mara ya kwanza katika hoteli moja mjini, na mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha ndoo. Chupa zimetoka Ulaya, watu wametoka Ulaya, wamesafiri wote kuja kukutana Nairobi. Mama mmoja mtalii aliniuliza zabibu zinalimwa wapi hapa. Bwana Pedersen alikuwa nyuma yangu, nikasema ziko mbali kidogo. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikinukia kama mlevi, na Nabalayo alinifungulia mlango tu.

Mto umepatikana, au tuseme si mto. Ni lile bwawa lililo chini ya kwetu, bwawa la Nairobi, ambapo Wazungu wa klabu huendesha mashua za tanga siku za mapumziko. Bwana Pedersen amekodi moja kubwa, na mlinzi wa mashua, Oketch, mtu wa Ziwa, ndiye atakayeiendesha. Katika karatasi tumeandika ni safari ya majini. Ukiwa katikati ya bwawa unaona Laini Saba yote, mabati, migomba, hata nguo zilizoanikwa. Wageni wanapiga picha. Sasa nimekaa nikawaza kwamba kutoka pale utaiona nyumba ya Nabalayo bila kukanyaga uwanja wangu.

Lakini kombi bado sijapata. Mei kuna kundi la Wajerumani. Tuseme Juni, mvua ikiisha, ndipo mji unapendeza.

Dalmas Lusweti


Kawangware
19 Mei 1975

Baba Wangila,

Leo salamu zitakuwa fupi. Wote wazima. Usishangae maandishi yamekuwa makubwa na yanapanda mlima. Mistari siioni tena.

Nikitazama mlango naona kitasa, mlango wenyewe haupo. Nikimtazama Nasipwondi naona pua. Vitu vinavyokaa pembeni vimeondoka kimoja kimoja, na juzi nilikanyaga kuku wa Wangoi. Aliniambia si kitu, lakini nilimsikia akilia ndani, sijui ni kwa ajili ya kuku au kwa ajili yangu.

Unasema mji unapendeza mvua ikiisha. Mimi sisubiri upendeze.

Nitakuambia lile ambalo sikuliandika. Nabalayo ameishi nawe miaka kumi na moja. Amezaa nawe, amelia kwa sababu yako mara mbili na hajaniambia kwa nini, na kila akija kwangu anavaa nguo nzima. Mtu huyo anayemvisha sijui sura yake. Najua kisogo, kwa sababu ulikuwa ukikimbilia kwenye mahindi. Najua viatu. Nikiulizwa mkwe wako anafanana vipi nasema ni mrefu, na hata hilo nadhani tu. Nitaingia gizani nikiwa na sura za watu wote wangu isipokuwa yako, na jambo hilo linaniuma.

Kwa hivyo nisikilize. Siku nitakapopandishwa mashua, wewe simama ukingoni, upande wa nyumba yako. Maji yawe kati yetu. Wazee walisema juu ya ukuta, juu ya njia, juu ya chakula na kitanda. Juu ya maji hawakusema lolote.

Mama Nabalayo


Laini Saba, Kibera
2 Juni 1975

Kwa Mama,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimejaribu kuwaza marehemu baba yangu angesemaje, nikachoka kuwaza. Nitasimama.

Nimeomba kombi kwa Bwana Pedersen nikamwambia ni ya majaribio ya matembezi mapya, na si uongo kabisa. Itakuwa Jumamosi tarehe 14. Dereva ni rafiki yangu Ephantus, mtu wa Nyeri, anaongea sana lakini anaendesha polepole. Mimi sitakuwa garini, utakaa kwa raha.

Atawachukua wewe na Nasipwondi asubuhi, jua likishatoka, ili mwanga uwe mzuri. Kwanza jengo la mikutano, mpande juu kabisa. Kisha soko la maua, kwa sababu rangi zake ni kali na ziko karibu na macho. Makumbusho nimeyaacha, ndani mna giza. Mchana mtakula hotelini, na mahali pa mvinyo nimeweka kitu kingine kinachofaa mtu wa Marafiki. Halafu bwawa. Oketch ameambiwa azunguke taratibu akipita mbele ya Laini Saba. Nitakuwa nimevaa shati jeupe, chini ya nyumba yetu, kando ya mgomba uliopinda.

Nabalayo nimemwambia kwamba watu wa kwetu hawalipishwi kombi ikiwa tupu. Aliniangalia, akarudi kwenye cherehani.

Mama, mimi si mtu wa kutazamwa. Miaka yote hii nimesimama mbele ya wageni nikiwaonyesha vitu, na wao hutazama vitu. Nasema tu usitarajie makubwa.

Dalmas


Kawangware
15 Juni 1975

Baba Wangila,

Asante kwa siku ya jana. Nasipwondi bado amelala, miguu imemvimba kwa kuvaa viatu vya kuazima.

Ephantus wako hakunyamaza tangu Kawangware. "Mathe, cheki hiyo gorofa, hiyo ni ya serikali. Mathe, hapo ndipo nilishikwa na polisi bure." Juu ya lile jengo aliniambia nitazame mbali. Mbali sikuona, nilikuwa kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Lakini niliona gari moja jekundu likipita chini kabisa, dogo kama mbegu, nikalifuata mpaka likapotea, nikafurahi nalo peke yangu. Maua niliyaona. Niliyakaribia mpaka muuzaji akadhani nataka kuyala.

Hotelini walinipangia glasi za soda za rangi mbalimbali, nionje niseme ipi ni ipi. Nilionja zote na sikutema hata moja. Nasipwondi alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna shida.

Kisha bwawa. Ephantus anaogopa maji, alibaki na gari lake. Oketch alinishika mkono akanikalisha katikati. Maji yalikuwa yametulia, harufu ya matope na ya moshi wa jioni. Aliponionyesha mabati ya Nabalayo niliyaona, kweli, na shuka la kijani kwenye kamba. Niliyatazama nikatosheka. Hapo Oketch akasema, "Mama, mkweo huyo pale. Mwenye shati nyeupe."

Baba Wangila, nilijifunika uso.

Sikufikiria. Leso ilikuwa mabegani, na mikono iliinuka yenyewe kama ilivyofanya miaka yote. Nilikuwa nimekuja kutoka Kimilili kwa ajili ya dakika hiyo na nikaimaliza ndani ya leso. Nilisikia Nasipwondi akiniambia, "Mama mdogo, fungua, fungua," na mikono ikakataa. Oketch hakucheka, kwao pia wana adabu hii. Nilipofungua, mashua ilikuwa imeshageuka, na mbele yangu kulikuwa na majani ya bwawa.

Nimejikasirikia sana. Usiku sikupata usingizi. Tafadhali panga tena.

Mama Nabalayo


Laini Saba, Kibera
15 Juni 1975

Kwa Mama,

Naandika kabla sijapata barua yako, kwa aibu.

Natumaini mlirudi salama na kwamba Ephantus hakukuchosha. Nabalayo anaona kitu kimetokea lakini hajui ni nini. Ameniuliza kwa nini nilivaa shati la harusi kwenda kusimama kwenye matope.

Nilifika bwawani mapema mno. Niliiona mashua ikitoka upande wa klabu, nikamwona Oketch, na katikati mtu ameketi wima, amejitanda leso ya manjano. Nilijiambia, simama, umeahidi. Mashua ilipokaribia nikageuka. Mama, niliwapa mgongo. Sikuamua, mwili ulijigeuza wenyewe nikawa natazama mgomba. Nilipojilazimisha kurudi, mlikuwa mnaelekea ng'ambo.

Nasikitika sana. Mgongo wangu ulikuwa unaujua tangu zamani, na ndio huo huo niliokupa. Nitapanga tena Julai, na safari hii nitamwambia Ephantus anishike mabega.

Dalmas


Laini Saba, Kibera
4 Agosti 1975

Kwa Mama,

Barua zetu zilipishana njiani. Niliposoma yako nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Hata kama ungekuwa umefungua uso, ungeona mgongo. Sijui kama hilo linapunguza uchungu au linauongeza.

Nilikuandikia tena mwanzoni mwa Julai na sijapata jibu. Nabalayo akirudi kutoka Kawangware anasema, "Mama mzima, amechoka tu," halafu anawasha cherehani. Sijathubutu kuuliza zaidi, maana angetaka kujua kwa nini nauliza.

Huu ndio msimu wenyewe. Tunapokea wageni kila siku, mji asubuhi, mvinyo jioni, bwawa kesho yake. Nimesema "upande wenu wa kushoto mtaona" mara nyingi hata naisema usingizini. Magugu yameanza kuziba upande wetu wa bwawa na klabu imesema mashua isikaribie tena Laini Saba. Bwana Pedersen hajali, kwa wageni maji ni maji. Nilimwomba kombi kwa siku moja, akasema Oktoba.

Nimechoka, Mama. Nasema kwa sababu wewe uko nyuma ya ukuta. Nilipaswa kukupangia mwezi Machi, ulipoomba. Kombi zilikuwepo. Nilichokuwa sina ni ujasiri, nikajificha kwenye mvua na Wajerumani.

Nijibu hata kwa neno moja.

Dalmas


Kawangware
7 Septemba 1975

Baba Wangila,

Huu ni mwandiko wa mkeo, kama unavyoona. Mama ananiambia niandike na mimi naandika.

Anasema anakusalimu. Anasema wa nyumbani ni wazima, Shiundu amepata mtoto wa kike. Anasema barua zako za Julai na Agosti zilifika lakini hakukuwa na wa kuzisoma, kwa kuwa Nasipwondi hajui kusoma na mimi sikupaswa kujua. Alizilalia chini ya mto. Jana alinipa zote, pamoja na zile za mwanzo, akasema, "Soma kwa sauti, mimi nimemaliza kuona."

Nimezisoma, Dalmas. Hapa ni mimi Nabalayo nasema, yeye amenyamaza. Nimemletea mama yangu uji kila Jumapili miezi mitano, nikidhani anapapasa kikombe kwa uzee. Wewe ulijua tangu Februari. Ulilala kando yangu ukijua. Nimelia hapa mpaka Wangoi amekuja kuuliza nani amefariki. Nyumbani tutaongea, leo sitaki.

Mama anasema niache kugombana kwenye barua yake. Anasema usipange mashua tena. Anasema hana kinyongo na wewe, ni mikono yake iliyomshinda, si mgongo wako.

Tutabaki naye hapa, mimi na Wangila, mpaka ndugu zangu waje kumchukua mwisho wa mwezi. Ugali wako pika mwenyewe.

Nabalayo, kwa niaba ya Mama


Laini Saba, Kibera
13 Septemba 1975

Kwa Mama,

Nabalayo, tafadhali msomee Mama polepole, na nikikosea usinirekebishe mpaka nimalize. Hasira yako ni haki yako. Hiyo nitaijibu nikiwa nimesimama mbele yako.

Mama, nyumba ni kimya. Cherehani imefunikwa. Nimekaa na kioo cha Nabalayo nimekiegemeza kwenye debe, na kwa kuwa kazi ninayoijua ni moja tu, nitaifanya. Nitakutembeza. Ukae kwa raha.

Tunaanzia juu. Nywele zinakwisha, zimerudi nyuma kutoka kwenye paji, na zilizobaki zina mvi upande wa kulia zaidi kuliko kushoto. Paji ni pana. Katikati yake pana kovu refu kama kidole kidogo, nililipata utotoni nikivutana na fahali wa mjomba, kamba ikakatika. Mikunjo ipo mitatu na wa nne umeanza mwaka huu.

Tukishuka, upande wa kushoto kuna sikio, na upande wa kulia kuna lingine, yote makubwa. Yamesimama wima. Shuleni waliniita Mlango Wazi. Macho ni madogo, mekundu kwa moshi wa magari, na chini yake pamevimba kwa kutolala. Hayapendi kumtazama mtu. Yanamtazama begani. Nimegundua hivyo sasa hivi, sikujua.

Pua ni ya baba yangu, bapa. Kama uliwahi kumwona baba yangu ng'ambo ya kisima siku ya mahari, ndiyo hiyo. Mashavu yamebonyea kidogo. Mdomo unakaa kama wa mtu aliye karibu kuomba msamaha, hata nikiwa sijakosa. Wageni hupenda hivyo, wananipa bakshishi. Kidevu nimekikata leo kwa wembe na pana damu kidogo. Hakuna kitu kikubwa cha kutazama, lakini ni sura ya mtu anayempenda binti yako na hajui kusema hivyo. Amelificha jambo zito akidhani kunyamaza ni heshima.

Hapo matembezi yanaishia. Kwa kawaida huwaambia wageni kwamba mwenye swali aulize.

Mkwe wako,
Dalmas


Kawangware
17 Septemba 1975

Baba Wangila,

Mama ananiambia niandike neno kwa neno na nisiongeze langu. Nimeahidi.

Nimesomewa barua yako mara tatu. Mara ya kwanza Nabalayo alisoma kwa kisirani. Ya pili alianza kucheka kwenye masikio. Ya tatu ilibidi Nasipwondi amshikie karatasi. Nabalayo anasema hukudanganya, ila kovu ulilifupisha.

Sasa sura ninayo. Nimeiweka mahali pake, kando ya za wanangu. Huenda si sawa kabisa na ile unayoinyoa mbele ya kioo, lakini mimi nimeikubali.

Swali langu ni moja. Wewe unaijua yangu?

Nimewaza siku hizi nikiwa nimeketi tu. Nilipokuwa nikijifunika, wewe pia hukuniona. Nilijihurumia mimi peke yangu miaka yote, na wewe ulikuwa unaishi na binti ya mwanamke usiyemjua. Yeye anafanana nami, watu husema, hasa akikasirika. Basi huenda unanijua kuliko ninavyodhani.

Shiundu na ndugu zake wanakuja Jumatatu kunichukua. Wazee bado hawajaketi. Nimeamua hivi, na wakiuliza nitawajibu mwenyewe. Mimi sioni tena, kwa hivyo wa kuona aibu umebaki wewe peke yako, na wewe nakuomba uivumilie siku moja. Jumapili nitakaa nje kwa Nasipwondi, juani, leso nimemwachia Wangila. Usiseme neno, usinishike mkono, usinijulishe umefika. Simama tu vizuri, usigeuke, unitazame mpaka utosheke, ili angalau mmoja wetu awe amemwona mwenzake.

Mama yako,
Nabwire